Mkono Uko Huku, Mstari Uko Kule: Hotuba kwa Wanaoanza Kuchora kwa Tableti

Wachoraji wenzangu, pamoja na ninyi mliokuja mkiwa bado mnaona haya kujiita wachoraji, karibuni sana, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Najua wengi wenu tableti mnayo, yaani ule ubao wa kuchorea kwa kalamu yake, unaochomekwa kwenye kompyuta. Imekaa ndani ya boksi lake, imetumika siku mbili tatu, kisha ikawekwa kando. Kila ninapoanza darasa jipya nakutana na mtu wa namna hiyo. Anachora vizuri kwa penseli tangu utotoni, ameinunua tableti kwa hamu kubwa, akaichomeka kwenye kompyuta, akavuta mstari wa kwanza, na mstari ukatoka unatetemeka kama wa mtu anayeandika ndani ya gari lililo kwenye barabara ya mashimo. Akavuta wa pili, wa tatu, wa kumi. Siku ya nne akasema: kumbe sina kipaji, ilikuwa ni penseli tu.

Neno hilo linaniuma. Linaniuma kwa sababu si kweli, na kwa sababu limewatoa watu wengi hodari kwenye kazi hii kabla hawajaianza. Kwa hiyo muda mwingi leo nitautumia kwenye siku hizo nne za mwanzo. Mengine nitayapitia haraka.

Tazameni kinachotokea mtu anapochora kwenye karatasi. Jicho linatazama ncha ya penseli, mkono uko hapohapo, na mstari unazaliwa chini ya ncha. Vyote vitatu viko mahali pamoja, na vimekuwa pamoja tangu ulipofundishwa kushika kalamu. Sasa leta tableti isiyo na skrini. Mkono uko chini mezani, jicho limenyanyuka linatazama mbele, na mstari unatokea kule mbele, mbali na vidole. Ubongo uliozoea kuviona vidole kila unapovituma, sasa hauvioni. Unavituma gizani.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1888 Elisha Gray wa Marekani alipata hataza ya mashine iliyoitwa telautografu: unaandika kwa kalamu upande mmoja, mwendo wa mkono unasafiri kwa waya, na kalamu nyingine upande wa pili inaurudia mwendo uleule kwenye karatasi. Mkono huku, mstari kule. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambayo mtu alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta. Mwaka uliofuata taasisi ya RAND ikatoa tableti yenye eneo la kuchorea la takriban sentimita 25 kwa 25, na mkono ukatengana tena na mstari. Hali hii inayokutetemesha wewe leo imewapitia watu vizazi kadhaa, na waliovumilia waliizoea.

Tena mwili wa binadamu unazoea makubwa kuliko haya. Katika miaka ya 1890 mwanasaikolojia George Stratton alilifunika jicho lake moja, na jicho la pili akalivalisha lenzi zilizopindua kila kitu: juu kukawa chini, kushoto kukawa kulia. Katika jaribio lake la mwisho alikaa hivyo siku nane. Mwanzoni mkono ulikwenda upande usio wake na kila kitendo kilihitaji kufikiriwa. Siku zilivyosonga, mkono ukaanza kwenda kunakotakiwa bila kuongozwa. Ikiwa mtu aliweza kuizoea dunia iliyopinduliwa kichwa chini, wewe utauzoea mstari uliosogea mbele nusu mita.

Ninachowaomba ni hiki: wiki ya kwanza, kiondoe kipanya mezani. Kiweke ndani ya droo kabisa. Fungua mafaili kwa kalamu ya tableti, soma barua pepe zako kwa kalamu, bofya kila kitu kwa kalamu. Utakasirika siku ya kwanza. Lakini kila unapokilenga kitufe kidogo pembeni mwa skrini ukakipata, mkono wako umejifunza jambo, na umejifunza bila woga wa kuharibu picha. Mimi nimeona njia hii ikifanya kazi kuliko mazoezi yoyote ya kuchora niliyowahi kutoa, na kama mtasahau yote mengine ya leo, naomba msisahau hili.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kalamu hizi ambalo wengi hawaambiwi. Kalamu nyingi za leo hazina betri. Chini ya uso wa tableti kuna wavu wa nyaya nyembamba unaotoa mawimbi ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu kuna koili inayopokea mawimbi hayo, inapata nguvu kidogo, kisha inarudisha jibu, na tableti inajua ncha iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa 1983, ndiyo iliyoutangaza sana ufundi huu. Kwa nini nawaeleza? Kwa sababu wavu ule unaisikia kalamu hata kabla haijagusa. Ukiining'iniza ncha juu ya tableti, kwa kimo cha kama sentimita moja, mshale kwenye skrini unatembea lakini hauchori. Hapo ndipo jicho na mkono vinapoweza kukutana tena. Usishushe kalamu na kutumaini. Ielee kwanza, tazama mshale umefika wapi, usogeze hadi mahali mstari unapotakiwa kuanza, ndipo ushuke. Wanaoanza hushuka upesi, wakakosea mwanzo, wakafuta, wakashuka tena upesi. Anayetangulia kutazama mshale hafuti sana.

Nije kwenye mpangilio wa kifaa, maana hapa ndipo watu wengi wanapojilaumu kwa kosa lisilo lao.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, dada mtulivu sana, ambaye alinijia akiwa karibu kulia. Kila duara alilochora lilikuwa yai. Alikuwa amejaza kurasa kwa kurasa za mayai. Nilimwambia achore tena nikiwa natazama mkono wake badala ya skrini, na mkono ulichora duara safi kabisa. Tableti yake ilikuwa ya umbo la 4 kwa 3, skrini yake ilikuwa 16 kwa 9, na draiva, ile programu inayoiunganisha tableti na kompyuta, ilikuwa imetandaza eneo lote la tableti juu ya skrini yote. Fanyeni hesabu: duara likitokea skrini na kimo cha sentimita 6, upana wake unavutwa mpaka sentimita 8. Mkono wake ulikuwa unasema kweli, mashine ndiyo iliyokuwa inautafsiri vibaya. Tulifungua mipangilio ya draiva, tukaweka alama kwenye kisanduku cha kulinda uwiano, na duara la kwanza lililofuata likawa duara. Alilitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Hali hiyo inakuwa mbaya zaidi kwa mwenye skrini mbili. Draiva ikizihesabu zote mbili kuwa ni moja, kila mwendo wa kwenda pembeni unavutwa mara mbili. Iambie tableti itumie skrini moja tu, ile unayochorea.

Kisha angalia tableti ilivyokaa mezani. Karatasi ukiigeuza kidogo, mstari unageuka nayo, na mkono wako umezoea hivyo. Tableti haiko hivyo. Yenyewe inajua juu yake ni wapi na chini yake ni wapi, na skrini inafuata. Ukiiweka imepinda kidogo kuelekea kushoto, mkono unaovuta mstari wa mlalo unatoa mstari unaoteremka, na utashangaa kwa nini. Iweke sambamba na skrini, katikati mbele ya kifua. Unapotaka pembe nyingine kwa ajili ya mkono wako, geuza turubai, yaani ukurasa wa kuchorea, ndani ya programu. Programu zote nzuri za kuchora zinaruhusu. Wanaotumia mkono wa kushoto, draiva ina sehemu ya kuigeuza tableti kwa ajili yenu, msijilazimishe kuchora mkiwa mmebana kiwiko.

Wenye Windows nao wana kero yao. Ukishusha kalamu ukaishikilia palepale, kiduara kinatokea kuizunguka ncha, na mstari unachelewa kuanza. Mfumo unadhani unabofya kitufe cha kulia. Kizime hicho katika mipangilio ya kalamu. Na ikiwa mstari wako una unene mmoja tu hata ukikandamiza vipi, usiitupe kalamu. Mara nyingi ni draiva na programu hazijaelewana kuhusu njia ya kupokea kalamu, au draiva ya tableti ya zamani bado imo ndani ya kompyuta inagombana na mpya. Ondoa ya zamani, washa upya. Krita, programu ya bure ya kuchora, ina ukurasa wa kuijaribu tableti ndani ya mipangilio yake; hapo unaona kama mkandamizo unafika au haufiki, na kubahatisha kunakwisha.

Tukiwa kwenye mkandamizo: matangazo yatawaambia kuhusu viwango 8192, na sasa hata 16384. Kwa maoni yangu, nambari hiyo isiwanyime usingizi. Mkono hautofautishi 2048 na 8192. Kinachohisiwa na mkono ni uzito mdogo kabisa unaohitajika ili kalamu ianze kuandika. Kalamu nzuri inaandika inapoguswa kama unyoya. Na kama yako ni ngumu, mchoro wa mkandamizo ndani ya draiva, ule mstari unaopanga kalamu iitikie vipi unapokandamiza, unaweza kulainishwa. Ulainishe. Anayekandamiza kwa nguvu ili apate mstari mweusi anaumia kifundo cha mkono baada ya miezi michache, anamaliza ncha za plastiki haraka, na anachubua uso wa tableti.

Kuhusu kununua sitasema mengi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kuna tableti isiyo na skrini, kuna tableti yenye skrini, na kuna kishikwambi kinachojitegemea, kama iPad. Zenye skrini zinaliondoa tatizo la mkono huku na mstari kule, lakini zinakuinamisha shingo, na gharama yake ni kubwa. Nawashauri wanaoanza wachukue isiyo na skrini, yenye eneo la kuchorea karibu na ukubwa wa A5. Ndogo zaidi ya hapo inafaa pia, ila kila mtikisiko mdogo wa vidole unakuzwa sana kwenye skrini. Hakikisha inakuja na ncha za akiba. Basi.

Programu nazo, anza na ya bure. Krita imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji, na haikudai chochote. MyPaint ni nyepesi kwa kompyuta dhaifu. GIMP, iliyotoka 1996, ni hodari zaidi katika kurekebisha picha kuliko kuchora, ingawa wapo wanaoichorea vizuri. Chagua moja, kaa nayo miezi mitatu. Nimewaona watu wanaojua programu tano na hawana picha moja iliyokamilika, na inanisikitisha kwa sababu bidii wanayo.

Na brashi ni vivyo hivyo. Ukiifungua programu utaona brashi mia: za mawingu, za majani, za nywele, za magome ya miti. Kwa mwezi mzima tumia brashi moja tu, ya duara, ngumu pembeni, inayonenepa unapokandamiza. Brashi ya majani itakupa majani, lakini haitakufundisha jani linakaaje kwenye tawi. Kuhusu kile kinyooshaji kinachotuliza mtikisiko wa mkono, kipo, kinasaidia, nami nakitumia kwenye mistari mirefu. Kiwekeni kidogo. Kikizidi, mstari unaburuzwa nyuma ya kalamu kama mzigo, na mkono haujui tena ulifanya nini.

Mazoezi yenyewe ninayowapa ni ya dakika kumi na tano kila siku, kabla ya mchoro wowote. Weka nukta mbili, mbali kiasi cha kiganja. Pitisha kalamu hewani kutoka moja hadi nyingine mara mbili tatu, huku ukiutazama mshale, kisha shuka na uvute kwa pumzi moja. Usitazame pale ncha ilipo, tazama nukta unayoiendea. Jaza ukurasa. Siku nyingine vuta mistari inayoanza kama uzi, ikanenepa katikati, ikaisha kama uzi. Siku nyingine chora visanduku na ndani yake miduara inayogusa kuta zote nne. Mistari mirefu itoke begani, si kwenye vidole. Bega linajua kuvuta njia ndefu, vidole vinajua kuandika herufi. Utaona kati ya wiki ya pili na ya tatu kuna asubuhi moja ambapo umesahau kuuwaza mkono. Hutaiona ikija.

Kuna kitu kimoja cha kompyuta kinachowalemaza wanaoanza, nacho ni kutengua. Ctrl na Z. Ni neema kubwa, sisemi vinginevyo. Aliyewahi kuharibu picha ya wino dakika ya mwisho anajua. Lakini nimekaa nyuma ya wanafunzi nikahesabu: mstari mmoja wa shavu, umetenguliwa mara ishirini na saba. Wa ishirini na nane haukuwa bora kuliko wa tatu. Jiwekee mipaka. Mara tatu, kisha songa mbele hata kama haujakupendeza, kwa sababu kosa lililobaki kwenye ukurasa linakufundisha, na lililotenguliwa hulioni tena.

Ndugu yake ni kukuza. Unakuza jicho mpaka linajaza skrini nzima, unalichora kope moja moja kwa saa mbili, kisha unapunguza na kukuta jicho lenyewe limekaa mahali pa sikio. Chora picha nzima ikiwa ndogo, kama unaitazama kutoka mlangoni. Kila baada ya muda igeuze kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia. Makosa ambayo jicho lilikuwa limeshayazoea yatakurukia.

Nimalizie na leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, maana hizi ndizo zinazoitenga kazi yetu na karatasi. Wazo lake lilitoka kwa watengenezaji wa katuni: mwaka 1914 Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi zinazowekwa juu ya mandhari, ili mandhari isirudiwe kuchorwa kila mara. Photoshop ilizileta leya kwenye toleo lake la 3 mwaka 1994. Kwa mwanzo zinakutosha nne. Ya chini kabisa ni ya skechi, ichore kwa buluu iliyofifia, ovyo ovyo, kwa uhuru. Juu yake leya ya mistari, nyeusi na safi. Kisha leya ya rangi, uishushe chini ya mistari ili rangi isiifunike. Kisha ya vivuli, juu ya rangi, ukiichagulia hali ya kuzidisha, ambayo inatia giza rangi iliyo chini bila kuiua. Ukimaliza mistari, izime skechi, usiifute. Na zipe leya majina. Kila mmoja wetu amewahi kupaka rangi kwa nusu saa kisha akagundua alikuwa kwenye leya ya mistari.

Mimi mwenyewe niliwahi kuziunganisha leya zote ili faili liwe jepesi, nikahifadhi, nikafunga. Ilikuwa picha ya bibi yangu, niliyoifanyia kazi wiki tatu. Baadaye niliona mdomo unahitaji kusogezwa kidogo tu, na haukuweza kusogezwa bila kuupasua uso. Picha hiyo ninayo bado, na mdomo wake uko pale ulipo. Tangu hapo kila kazi naihifadhi mara mbili: faili la programu lenye leya zake zote, na nakala ya PNG ya kuwaonyesha watu. JPEG ni ya kutuma tu. Kila ukiifungua, ukairekebisha na kuihifadhi upya, inapoteza kitu.

Naona kompyuta zenu zimeshawaka. Fungueni turubai jipya, pikseli 2480 kwa 3508, ambayo ni A4 kamili kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi. Brashi ya duara, rangi nyeusi. Weka nukta moja kushoto na nyingine kulia. Inua kalamu, ielee juu ya nukta ya kushoto, tazama mshale wako. Usishuke bado. Pitisha hewani mara moja, na mara ya pili. Bega lilegee. Haya, shukeni.